Moshi wa Bibi

Mwaka 1966 nilikuwa na miaka minane, nikiishi kwa bibi yangu, Mnyamwanga wa Tunduma, mpakani na Zambia. Kila Septemba jua la jioni lilikuwa jekundu, likamezwa na moshi kabla halijagusa vilima. Bibi alifurahi. "Moshi ukipanda, mvua imeitwa," alisema, akaenda kunoa jembe.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo moto ulitangulia mbegu. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba walikata matawi, wakayalundika na kuyachoma, kisha wakapanda ulezi kwenye majivu. Kilimo hicho ndicho chitemene. Mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wa kampuni ya British South Africa walikipiga marufuku. Watu wakaendelea kuchoma. Njaa haisomi matangazo.

Mwaka huo wa 1966 moshi wa pili ulitufikia. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alikuwa amejitangazia uhuru Novemba 1965, na Zambia ikakosa mafuta yaliyopitia huko. Malori yakaanza kuyabeba kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi iliyokatiza kwetu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Malori hayakuondoka, na kanga za bibi zikianikwa ziliingia masizi.

Utu uzima ulinifanya nimcheke bibi, hadi nilipoanza kusoma. Kumbe tone la wingu huhitaji chembe ya kushikilia, na moshi ni chembe tupu. Ila chembe zikizidi, maji yale yale hugawanyika katika vitone vidogo mno, visivyo na uzito wa kudondoka upesi. Masizi nayo hunyonya mwanga huko juu. Nchi kavu isipopata joto lake, upepo unaovuta mvua kutoka baharini hulegea. Mwaka 1999 watafiti wa mradi wa INDOEX, kambi yao ikiwa Maldives, walikuta utando wa kahawia kutoka Asia Kusini ukisukumwa juu ya Bahari ya Hindi na kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi Zanzibar.

Lakini kinachonikera ni Saheli, ukanda ulio kusini mwa Sahara. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 walitwishwa wafugaji na mbuzi wao. Baadaye wanasayansi wengi wakauhusisha, kwa sehemu, na salfa ya viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini, iliyopoza Atlantiki ya kaskazini na kuusogeza ukanda wa mvua kusini. Sijasikia afisa aliyepelekwa Ulaya au Amerika kupiga marufuku dohani.

Septemba nikipita kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, moshi wa nyasi na wa dizeli siwezi kuutenganisha kwa macho. Kwa pua bado naweza.