Ngwe, Kipande na Saa: Tatizo la Kupima Uzito wa Kazi Kilosa na Mikumi

Wanahistoria wa kazi nchini Tanzania wamerithi kipimo kimoja kikuu, nacho ni muda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihesabu saa: mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi takribani saa 45 kwa wiki, wanawake wa vijijini wakati mwingine hufikia saa 12 au 14 kwa siku, ilhali wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Kuhusu wanawake, hoja hiyo haina ubishi. Lakini je, saa moja ya kulima kwa jembe la mkono ni sawa na saa moja ya kulinda ndege shambani?

Wilayani Kilosa swali hili lina historia ndefu. Katika mashamba ya mkonge ya kandokando ya reli ya kati, kama yale ya Kimamba, mfanyakazi wa enzi ya ukoloni alipewa kipande, yaani kadi ya kujazwa siku 30 za kazi. Siku hiyo, kwa mkata mkonge, haikuwa idadi ya saa bali idadi ya matita. Aliyemaliza mapema aliondoka mapema, na machoni pa mwenye kuhesabu saa alionekana mvivu.

Wakulima nao walikuwa na ngwe, sehemu ya shamba anayopimiwa mtu alime. Mtafiti anaona kwamba ngwe ilikuwa kipimo makini kuliko inavyodhaniwa. Wanafiziolojia hupima ukali wa kazi kwa meti. Meti 1 ni nishati inayotumiwa na mwili uliotulia. Tuchukulie kuwa mtu mmoja amemaliza ngwe kwa saa 4 akiwa kwenye meti 5, na jirani yake kwa saa 5 akiwa kwenye meti 4. Kila mmoja ametimiza meti-saa 20. Saa zingewatenganisha, ngwe inawaweka sawa.

Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006, na ule wa 2014, uliingiza matumizi ya muda, hatua kubwa kwa kazi za nyumbani zisizolipwa. Hata hivyo, kutafuta kuni kwa saa 2 huandikwa vilevile, iwe tambarare ya Mikumi au miteremko ya Vidunda, kichwa kitupu au chenye mzigo. Vifaa vya kisasa vinavyovaliwa kiunoni kurekodi mwendo havimalizi tatizo: hupunja kazi ya mikono na ya kubeba, kwa kuwa kiuno cha anayelima hakisogei sana.

Kwa sababu hiyo, meti zinatumika hapa kulinganisha kazi na kazi katika eneo moja na msimu mmoja tu. Kumlinganisha mkata mkonge wa miaka ya 1950 na karani wa Kilosa mjini kungehitaji kujua uzito wa miili yao na chakula chao, na kipande hakikuandika hayo.