Gia, Klachi na Usukani: Madereva wa Malori na Istilahi Zao

Si maneno yote ya gari yaliyoletwa na gari. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa lori, na shehena ilipakiwa majahazini kabla ya kupandishwa kwenye tela. Gia, klachi na breki zilitoholewa kutoka Kiingereza huko huko gereji na barabarani, bila ya kungoja kamati. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 liliyakuta yakifanya kazi.

Wakati huo barabara ya Zambia ilikuwa chuo kikubwa. Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 1968, na reli mwaka 1975. Kwenye mteremko wa Kitonga dereva hakutegemea breki peke yake. Alishuka na gia nzito, yaani namba za chini, ili injini yenyewe ilizuie gari. Basi dereva mkongwe anaposema kuwa anapenda gia za mkono, na lori kuukuu ambalo fundi wa njiani aweza kulifungua kwa spana, tusidhani ni ukaidi.

Tatizo letu ni neno "otomatiki". Volvo ilipotoa giaboksi ya I-Shift mwaka 2001, pedali ya klachi iliondolewa, lakini klachi yenyewe ilibaki ndani, ikiongozwa na mitambo ya elektroniki. Iko otomatiki nyingine, ya zamani zaidi, ambayo hupokea nguvu ya injini kwa njia ya mafuta yanayozungushwa. Katika rasimu moja ya mafunzo nimeona zote mbili zikiitwa "gari lisilo na klachi". Huko ni kumpotosha mwanafunzi: atalishikilia lori lenye shehena mlimani kwa kukanyaga moto, klachi iungue, wala asijue kilichoungua ni nini. Napendekeza ya kwanza iitwe "giaboksi ya klachi ya kujiendesha", na "otomatiki" ibakie kwa ya pili. Madereva waulizwe kwanza, hata hivyo. Jina refu halipiti gereji.

Kuhusu "kamera ya dashibodi" (ingawa mara nyingi hubandikwa kiooni), jina moja halitoshi. Itazamayo barabara humtetea dereva baada ya ajali. Imtazamayo yeye huiona ni mpelelezi. Ziitwe "kamera ya barabara" na "kamera ya dereva", ili anayetia sahihi mkataba wa kazi ajue anakubali ipi.