Montreal 1976: Mdahalo Uliobaki

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Baadhi yenu mtaukumbuka mdahalo wa mwaka 1996 bwaloni: "Tanzania ilikosea kususia Olimpiki ya Montreal." Mimi nilikuwa miongoni mwa watetezi wa hoja, na tulishinda kwa kura nyingi. Leo, baada ya miaka zaidi ya 20 katika utumishi wa serikali, naomba ruhusa niifungue upya kesi ile.

Historia yenyewe ni hii. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Wa pili alikuwa John Walker, mwenyeji wa nchi ile. Wapenzi wa riadha wakangoja wakutane Montreal.

Hawakukutana. Mwezi Juni 1976 watoto wa shule, wenye umri kama wetu siku ile ya mdahalo, walipigwa risasi Soweto. Hata hivyo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na makaburu. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikasusa. Walker akatwaa dhahabu.

Mimi nilidai kwamba kususa hakukuleta faida yoyote. Nilikosea. Mwaka 1977 tu, wakuu wa Jumuiya ya Madola walifikia Mapatano ya Gleneagles ya kupinga mahusiano ya kimichezo na Afrika Kusini.

Lakini wapinzani wetu nao walisahau jambo moja: iliyosusa ni nchi, aliyelipa ni mkimbiaji. Huko Moscow mwaka 1980 Bayi alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza tena, hadi mzunguko wa mwisho alipopitwa na Bronisław Malinowski wa Poland. Akapata medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Kazini nimeandika barua nyingi zenye maneno "kwa maslahi ya taifa". Siku hizi kabla ya kutia sahihi hujiuliza: nani atakayelipa, na je, tutamkumbuka?

Naomba mdahalo ule urudiwe tutakapokutana. Safari hii nitakaa upande wa wapinzani, ila nitaanza kwa kulitaja jina la Bayi.