Saburi: kubaki bila kunyamaza

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, saburi ndilo neno la muumini aliyebanwa na dhiki: limo katika Warumi 5, Yakobo 1 na Waebrania 12. Kigiriki chake ni hupomone, kutokana na hupo, 'chini', na meno, 'kukaa'. Kitenzi chake, hupomeno, hakikuwa na utakatifu wowote. Katika Luka 2:43 kinaeleza jinsi mtoto Yesu alivyobaki Yerusalemu wazazi wake walipoondoka. Katika Matendo 17:14, jinsi Sila na Timotheo walivyobaki Beroya Paulo aliposafirishwa. Hupomone, basi, kwa asili yake ni kubaki pale ambapo kuondoka kungewezekana.

Kiswahili kina maneno kadhaa jirani. Subira, ndugu wa saburi kwa mzizi wa Kiarabu, mitaani ni kungoja heri inayokuja: mwenye subira anajua atakula mbivu. Uvumilivu, katika Wagalatia 5:22, umefasiri makrothumia, yaani kutokasirika upesi unapokosewa na watu. Kustahimili kumetumika kwa hupomeno katika 1 Wakorintho 13:7, lakini mkazo wake uko kwenye uzito wa mzigo. Saburi, kwa kuwa haisikiki sana sokoni wala nyumbani, ilifaa kubeba maana ya kiistilahi.

Tatizo liko mimbarini, ambako saburi hugeuzwa kuwa kunyamaza. Mgonjwa wa selimundu huambiwa asilalamike. Mke anayepigwa huambiwa avumilie, Mungu anaona. Maandiko hayaungi mkono mahubiri hayo. Yakobo 5:11 inamtaja Ayubu kuwa mfano wa hupomone, na huyo Ayubu ndiye aliyelaani siku aliyozaliwa na kudai Mungu amjibu. Katika 2 Wakorintho 12, Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, akajibiwa kwamba neema yatosha, mwiba ukabaki. Lakini aya chache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2 Wakorintho 11, anasimulia alivyoteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu ili asikamatwe. Dhiki iliyokimbilika aliikimbia. Udhaifu usiokimbilika aliishi nao.

Kinachounganisha mambo hayo mawili kimo katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale. Katika Zaburi ya 71:5, tikva, neno la Kiebrania la 'tumaini', limefasiriwa kwa hupomone: Bwana mwenyewe ndiye hupomone ya mwenye kuomba. Paulo naye anafunga saburi na tumaini pamoja katika 1 Wathesalonike 1:3. Hivyo anachokishika muumini ni Mungu, wala si maumivu.

Fasili tunayopendekeza ni hii: saburi ni kubaki na Mungu kwa tumaini wakati dhiki au udhaifu haujaondoka. Kulia, kumeza dawa, kwenda polisi na kuomba tena lile lililokataliwa havitoki nje ya fasili hiyo. Anayemhubiria mgonjwa au mke aliyepigwa ayapime mahubiri yake kwa fasili hiyo kabla hajapanda mimbarini.