Molekuli Mseto: Dawa Zinazoilenga Seli ya Saratani

Molekuli mseto ya dawa ni muungano wa sehemu mbili: moja huitambua seli ya saratani na nyingine huiua. Lengo lake ni kupunguza madhara ya dawa za kawaida za saratani, ambazo hushambulia pia seli zenye afya zinazogawanyika kwa kasi, zikiwemo za uboho na za mizizi ya nywele.

Mfano wake ni trastuzumab emtansine, iliyoidhinishwa nchini Marekani Februari 2013 kutibu saratani ya matiti iliyosambaa mwilini. Sehemu ya kwanza, trastuzumab, ni kingamwili inayoshika HER2, protini ambayo huzidi kiwango katika takribani saratani moja kati ya tano za matiti. Sehemu ya pili, DM1, ni sumu inayozuia seli kugawanyika.

Asili ya sumu hiyo ni Afrika Mashariki. DM1 ilitokana na maytansine, kiambata kilichotangazwa mwaka 1972 baada ya kupatikana katika kichaka cha jenasi ya Maytenus kutoka Ethiopia. Mimea ya jenasi hiyo ilikusanywa pia nchini Kenya. Majaribio ya awali kwa wagonjwa yalikwama kwa kuwa madhara yake yalikuwa makubwa kuliko manufaa.

Kuiunganisha sumu hiyo na kingamwili kulibadili hali. Muungano huo hubaki imara katika damu hadi unapomezwa na seli yenye HER2 nyingi. Humo, kingamwili huvunjwavunjwa na sumu huachiliwa. Kiungo kikikatika mapema, sumu husambaa mwilini; sumu isipoachiliwa, seli hubaki hai.

Katika utafiti wa wagonjwa 991 uliochapishwa mwaka 2012, waliopewa dawa hiyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 30.9, ikilinganishwa na miezi 25.1 kwa waliopewa lapatinib na capecitabine.

Hata hivyo, ulengaji huo si kamili. Dawa inaweza kudhuru ini, moyo na mtoto aliye tumboni, na kupunguza chembe sahani za damu. Kwa sababu hiyo, sampuli ya uvimbe hupimwa kwanza kuthibitisha wingi wa HER2. Aidha, mmea wenyewe si tiba: bila kingamwili ya kuielekeza, maytansine hubaki kuwa sumu.