Baiskeli katika Njia za Usukuma

Kabla baiskeli haijapita katika mchanga wa Shinyanga, watu wa nchi ile walikuwa wameshapata sifa ya kusafiri, kwani katika karne ya 19 Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi ndio waliochukua mizigo ya misafara baina ya Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na Bagamoyo, na majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kirongo huko Uzinza, upande wa Geita ya leo, yalisafirishwa mabegani hata Tabora yakauzwa. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa wengi hudhani baiskeli ndiyo iliyowafundisha watu hawa kwenda mbali. Ilhali mimi nasadiki kwamba shauku ya safari ilikuwako tangu zamani, na chombo kilipowasili kilimkuta mwenyewe yu tayari.

Chombo chenyewe kilienezwa na fedha ya pamba. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, na baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilistawi mno, hata mwaka 1955 wakulima, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, wakawa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima aliyekwisha kupimiwa pamba yake na kulipwa, aghalabu alielekea duka la Mhindi kununua baiskeli, na akijaaliwa, Raleigh ya Uingereza. Tena pamba huuzwa wakati wa kiangazi, ambao ndio wakati njia za Usukuma hupitika. Maana mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi, hata mwenye baiskeli akalazimika kuitia begani na kwenda kwa miguu. Kwa hiyo fedha na njia kavu vilifika pamoja, na kiangazi kikawa msimu wa kuposa, kuzuru jamaa, kutafuta ng'ombe, na kwenda kuangalia ardhi mpya ya Geita, ambako familia nyingi zilikuwa zikihamia kutoka sehemu zilizosongamana watu na mifugo.

Siku ya safari kama hizo ilikuwa na taratibu zake. Mtu wa kutoka Shinyanga kwenda Kahama, mwendo wa takriban kilomita 100, aliondoka alfajiri ili aipite Didia na kuikaribia Tinde kabla jua halijawa kali, pampu ameifunga kwenye fremu, viraka na solusheni vimo mfukoni, na mzigo umekazwa kwenye karia kwa mpira wa tyubu kuukuu. Alipokutana na mzee njiani alishuka, akaamkia kwa heshima, ndipo akapanda tena. Adhuhuri alijipumzisha kivulini katika kaya yoyote iliyo karibu, akapewa maji na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, wala hakuulizwa malipo. Na huo ukarimu, kwa maoni yangu, ndio uliowezesha safari za mbali kuliko chuma chochote kilichotoka Uingereza.

Baadaye zilikuja Phoenix za China, na Swala zilizoundwa Dar es Salaam. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966, walakini wachimbaji wadogo walipozidi kumiminika katika ukanda ule, baiskeli ndiyo iliyochukua mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni kwenda kwenye makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, pamoja na maji, mkaa na unga wa wachimbaji. Mjini Shinyanga na Kahama vijana waliweka mito laini juu ya karia wakachukua abiria, na baiskeli hizo zikaitwa daladala, mpaka pikipiki zilipowanyang'anya wateja walio wengi.

Hata hivyo, asubuhi yoyote katika barabara ya Kahama utawaona wauza maziwa, wachoma mkaa na wanafunzi wakipiga pedali ukingoni mwa lami, malori ya Rwanda na Burundi yakiwapita ubavuni kwa kasi. Nchi hii imejengwa kwa sehemu kubwa na magurudumu yao. Nawasihi wahandisi na halmashauri za Shinyanga na Geita, kila barabara inapotiwa lami, waache pembeni njia pana ya baiskeli.