Mstari juu ya maji: mvuvi anakamatwa, mkataba unapita

Ndugu na dada wa chama chetu, leo ninaandika juu ya mafuta. Najua wengi wenu mkisikia jina SOCO mtasema hiyo ni habari ya zamani: kampuni ilishaenda, filamu tuliiona, basi. Lakini mimi niko wa Rumangabo, pale makao makuu ya Hifadhi ya Virunga yalipo, na naona kwamba hiyo historia tunaijua nusu tu. Tunajua nusu ya gorila na walinzi. Nusu ya mipaka na mikataba hatuisomi, na ndiyo ingali inafanya kazi mpaka leo.

Tuanze na mpaka. Ziwa Edward liko kati ya Kongo na Uganda, na zaidi ya theluthi mbili ya maji yake iko kwetu. Nani alikata hilo ziwa? Mwaka 1915, wakati Ulaya yenyewe ilikuwa vitani, Waingereza na Wabelgiji waliandikiana mapatano ya mpaka. Kwenye Ziwa Edward walichora mstari ulionyooka, kutoka mdomo wa mto Ishasha upande wa kusini mpaka mdomo wa mto Lubiriha upande wa kaskazini. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna alama yoyote kwenye maji. Ni rula tu juu ya karatasi. Mvuvi wa Vitshumbi, wa Nyakakoma ao wa Kyavinyonge anatupa wavu usiku, upepo unamsukuma, na asubuhi anajikuta mikononi mwa askari wa Uganda. Mara ngapi tumesikia kwamba wavuvi wetu wamekamatwa, mitumbwi na mashini vimechukuliwa, familia zinachanga franga ili watu warudi? Mwezi wa Julai 2018 majeshi ya maji ya inchi hizi mbili yalirushiana risasi kwenye lile ziwa na watu wakafa. Kwa hiyo mstari wa 1915 uko na nguvu kweli. Swali langu ni hili: uko na nguvu juu ya nani?

Tupande kidogo kaskazini, tuone Ziwa Albert, kwa sababu mambo yalianzia kule. Mwaka 2006 Uganda ilitangaza kwamba imepata mafuta ya kutosha kuuza. Ule ule mwaka, kampuni mbili zilizokuwa zinatafuta mafuta upande wa Uganda, Tullow na Heritage Oil, zilipata pia mkataba na Kinshasa kwa bloki mbili za upande wetu. Yaani ziwa moja, kampuni zile zile, kulia na kushoto ya mpaka. Mwaka uliofuata maji yakachafuka. Inchi hizi mbili zilikuwa zinagombania kisiwa kidogo cha Rukwanzi, na Agosti 2007 mfanyakazi mmoja Mwingereza aliyekuwa kazini kwa ajili ya Heritage aliuawa katika mapigano kwenye ziwa. Septemba ya ule mwaka Rais Kabila na Rais Museveni walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakasaini mapatano: mpaka upimwe upya, na mafuta yaliyo chini ya mpaka yachimbwe kwa pamoja.

Wakati huo bloki zenyewe huku kwetu zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Bloki ya I ya Ziwa Albert ilipewa Tullow na Heritage mwaka 2006. Mwaka 2008 serikali ikaipa kundi lingine. Mwaka 2010 ikaipa Caprikat na Foxwhelp, kampuni mbili zilizoandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambazo hakuna mtu wa Ituri aliyewahi kusikia majina yao. Miaka minne, wenye bloki mara tatu. Wavuvi wa Ituri hawakuulizwa hata mara moja.

Sasa turudi Ziwa Edward. Desemba 2007, miezi mitatu tu baada ya Ngurdoto, mkataba wa Bloki ya V ulisainiwa Kinshasa kati ya serikali, kampuni ya Dominion Petroleum, kampuni ya SOCO International ya London, na Cohydro, kampuni ya serikali. Bloki ya V inachukua Ziwa Edward upande wa Kongo na sehemu kubwa ya hifadhi. Juni 2010 amri ya Rais iliithibitisha. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui: Dominion ilikuwa tayari na kibali cha upande wa Uganda, kwenye lile lile ziwa. Mwaka 2010 ilitoboa shimo moja upande huo, likaitwa Ngaji-1, likatoka kavu.

Mnaona hesabu? Kwenye maziwa yote mawili, kampuni ilikaa pande zote mbili za mpaka kihalali, na karatasi zake ziko sawa katika miji mikuu miwili. Mvuvi akivuka mita mia mbili anafungwa. Hiyo ndiyo nusu ya historia ninayosema hatuisomi. Tulifundishwa kwamba mpaka wa mkoloni uligawanya inchi. Kwenye maji yetu umegawanya pia watu: kuna wanaozuiliwa nao na kuna wanaoupita kwa kalamu.

Wenye kusema kwamba hifadhi haiguswi walikuwa na haki kwenye karatasi. Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ni ya kwanza Afrika, na mwaka 1979 iliandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sheria ya 1969 juu ya ulinzi wa mazingira ilikataza kuchimba ndani yake. Lakini sheria ile iliacha mlango wa utafiti wa kisayansi, na kutafuta mafuta kukapitishwa kwenye mlango huo, kana kwamba kampuni inakuja kuhesabu ndege. Machi 2011 Waziri wa Mazingira José Endundo alisimamisha kazi hiyo ili ifanyike kwanza tathmini kubwa ya mazingira. Kabla mwaka kuisha, ndege ya kupima ilikuwa imesharuhusiwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya moto. Mlinzi Rodrigue Katembo, aliyesimamia sehemu ya kati ya hifadhi, alipinga na mwaka 2013 alikamatwa. Miaka minne baadaye alipewa tuzo ya Goldman. Mei 2013 Total, iliyokuwa na Bloki ya III, iliahidi kutogusa eneo la hifadhi. SOCO iliendelea. Oktoba ya ule mwaka WWF ilipeleka malalamiko dhidi yake Uingereza, kwa kanuni za OECD juu ya makampuni ya kimataifa. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi kwenye barabara ya Goma–Rumangabo, barabara ambayo sisi tunaipita kila juma. Alipona. SOCO ililaani tendo hilo na kusema haihusiki nalo. Ndani ya majuma hayo hayo mashua za kupima zilikuwa ziwani, zikituma mitetemo chini ya maji ili kusoma miamba.

Tarehe 11 Juni 2014 SOCO na WWF walitoa tangazo pamoja: kampuni itamaliza vipimo vyake, kisha haitatoboa, isipokuwa UNESCO na serikali wakubaliane kwamba kazi hiyo haigombani na hali ya urithi wa dunia. Someni vizuri lile neno "isipokuwa". Mwaka 2015 Kanisa la Anglikana la Uingereza liliuza hisa zake katika SOCO, na kabla mwaka huo kuisha kampuni ikasema haina tena Bloki ya V. Mwaka 2019 ikabadilisha hata jina, sasa inaitwa Pharos Energy.

Wengi tulifunga kitabu hapo. Lakini fungua ukurasa unaofuata. Tarehe 1 Agosti 2015, katikati ya furaha hiyo, ilitoka sheria namba 15/012 juu ya mafuta na gesi. Inakataza kazi za mafuta katika maeneo yaliyolindwa, halafu inaruhusu serikali kuyaondolea eneo hilo ulinzi ikiona kuna faida kwa umma. Mwaka 2018 serikali ilitaka kutumia njia hiyo kwa sehemu za Virunga na Salonga. Julai 2022 ikaweka sokoni bloki 27 za mafuta na 3 za gesi ya Ziwa Kivu, na baadhi ya zile za mafuta ziliingia ndani ya Virunga. Mnada wa mafuta ulifutwa Oktoba 2024 bila kupata mnunuzi wa kufaa. Mwaka 2025 bloki mpya 52 zimefunguliwa, safari hii katika bonde la kati la mto Kongo. Kwa hiyo aliyeondoka ni mnunuzi. Ile karatasi inayoruhusu kuuza bado iko mezani.

Sasa nisikilize upande wa pili, sababu ninao marafiki humu ndani ya chama wanaoushika, na si wajinga. Wanasema: sisi tuko na lisansi na tunauza yuniti za simu. Uganda inajenga bomba la mafuta mpaka Tanga, na sisi tunalinda viboko kwa ajili ya watalii ambao vita vimewafukuza. Wanasema pia kwamba hifadhi yenyewe ilichukua mashamba ya babu zetu wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyewauliza. Hilo la mashamba ni kweli, na mtu wa Rutshuru hawezi kulikana.

Juu ya kazi, najibu kwa mfano wa inchi yetu wenyewe. Kongo inatoa mafuta baharini na nchi kavu kule Muanda tangu miaka ya 1970. Miaka karibu 50. Muulizeni kijana wa Muanda kama amemaliza shida ya kazi, ao kama mvuvi wa kule anafurahia maji yake. Kazi nyingi za mafuta ni za wakati wa kujenga, na wenye kubaki ni mafundi wachache wenye ujuzi ambao hatufundishwi huku.

Juu ya ziwa, najibu kama mtu wa kilimo. Ziwa Edward ni shamba. Kina chake cha wastani ni kama mita 17 tu, ndiyo maana linazaa samaki sana: jua na mbolea vinafikiana. Mbolea hiyo inaletwa na mito, na inaletwa pia na kiboko anayekula majani nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walipita 25,000. Mnamo 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000 juu ya bunduki za vita, na wavuvi walisikia upungufu kwenye nyavu. Shamba la namna hii likimwagikiwa mafuta, hakuna mahali pa kuhamisha udongo. Na maji hayakai. Ziwa Edward linamwagika kwenye mto Semliki, Semliki inaingia Ziwa Albert, Albert inatoka kama Nile. Uchafu wa Vitshumbi utapita mpaka wa 1915 bila kuonyesha kitambulisho.

Kwa hiyo tufanye nini sisi wenye diploma? Ninaona jambo moja katika historia hii. SOCO haikuzuiwa na mstari, wala na sheria ya 1969 peke yake. Ilizuiwa wakati mvuvi, mlinzi, watu wa mashirika ya Goma na mwenye hisa wa London waliposema neno moja kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake. Kampuni ilikuwa imesimama pande zote mbili za ziwa. Wapinzani wake nao walisimama pande zote. Lakini upande mmoja ulikosekana: sisi na vijana wa Uganda hatukuwa pamoja. Mpaka leo bloki ya upande wao inaitwa Ngaji, na serikali yao imeshaiweka sokoni mara mbili, mwaka 2015 na 2019. Wanafunzi wa Kasese wanajua nini juu ya Bloki ya V? Sisi tunajua nini juu ya Ngaji?

Ombi langu ni dogo. Wanasheria wa chama, tafuteni ile sheria 15/012 na mtufafanulie kwa Kiswahili, kifungu cha maeneo yaliyolindwa kwanza, ili mzee wa ushirika wa wavuvi aisome mwenyewe. Watu wa uchumi, tuleteeni hesabu ya Muanda. Sisi wa kilimo na samaki tuandike ziwa linalisha watu wangapi na kwa bei gani, kabla mtu mwingine hajaja kutuambia kwamba chini yake kuna kitu cha thamani zaidi. Mkataba wa 2007 ulipotoka sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Ukija mwingine, utatukuta watu wazima wenye kusoma.